Absalom Aliyeiweka Nyumba Yangu kwenye Intaneti

Mwalimu Christabel wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, amenichosha. Ati kila mwanafunzi aandike maisha ya mtu mmoja wa kawaida anayemjua, halafu yapigwe chapa tuyasome wenyewe. Nimemwambia mtu wa kawaida hana maisha ya kuandikwa, ana maisha ya kuishi. Tena mkono wangu umezoea mwiko, na herufi moja inanichukua muda wa kumenya muhogo mzima. Akanijibu, "Bi Mejumaa, basi andika juu ya yule Absalom." Darasa zima likacheka. Kwa kuwa wamecheka nitaandika mwenyewe, wasije wakaandika wao wakaongeza chumvi. Chumvi ya jambo hili inatosha.

Absalom alikuwa mpangaji wangu hapa Mvindeni, Ukunda, chumba cha kwanza mkono wa kulia ukiingia ukumbini. Mtu wa bara, wa Vihiga, mrefu, mwembamba, viatu vinang'aa hata vumbi linaona haya kuvikalia. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni katika hoteli moja ya Diani ambayo sitaitaja, maana wenyewe wana mawakili na mimi nina kuku. Siku aliyokuja kuomba chumba aliingia bila hodi akasema:

"Sasa, shosho?"

Nikamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Shosho ni nani?"

"Si ni wewe, bibi? Kwani si wewe mwenye ploti?"

"Hapa hakuna ploti, hapa pana nyumba. Rudi nje. Piga hodi, ungoje ukaribishwe, uniamkie, ndipo useme shida yako."

Akarudi nje. Nikamwacha juani kidogo, apate kufikiri. Aliporudi alikuwa amejifunza shikamoo, na tangu siku ile hakuikosa, hata akiwa amenikasirikia. Hilo nampa.

Nimpe na jingine. Hakuwa mlevi, na alifua shuka zake mwenyewe. Yalipozuka yale machafuko ya mwaka tisini na saba, watu wa bara wakawa wanakimbilia makanisani na mizigo kichwani, mimi nilimfungia chumbani kwake nikakaa barazani napepeta mchele. Vijana walipokuja kuuliza kama mna mbara ndani, niliwauliza wao ni watoto wa nani, wataje majina ya mama zao. Wakaondoka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sikumpenda Absalom. Lakini kumpenda mtu si kumwacha na ujinga wake.

Baada ya machafuko watalii walikatika, ikaja na mvua ile kubwa ikasomba kilichobaki. Hoteli yake ikafunga milango, ikauza vitu vyake. Wenzake wenye akili walinunua magodoro. Absalom alinunua kompyuta. Iliingia hapa juu ya mkokoteni, imeviringishwa shuka jeupe la hoteli kama maiti, na anayeusukuma ni Kenga, jirani yangu, fundi wa baiskeli, mtu ambaye ulimi wake haujui kulala.

"Mejumaa!" akaniita. "Njoo uone, mpangaji wako ameleta televisheni isiyokuwa na mpira!"

Absalom hakucheka. Alikaa nayo chini, akaifuta kwa kitambaa cha viatu, akaniambia, "Mama, hii ndiyo kazi yangu sasa. Baba ananiita nirudi nikachume majani chai. Nimeapa sirudi Vihiga mikono mitupu. Hii ikikubali, nabaki. Ikikataa, unaniona kwenye basi."

Nikamwambia, "Ukaitilie maji basi, ikue." Lakini nilimwona macho. Hakuwa akitania.

Sasa tuje kwenye simu. Nyumba yangu ilikuwa na simu ya waya, aliiacha marehemu mume wangu, na mtaa mzima ulipokea habari kwayo. Mtu akijifungua hospitali ya Msambweni, inalia kwangu. Mtu akifa Mkwiro, inalia kwangu. Kupokea ruhusa, kupiga hapana: nilitia kufuli dogo kwenye kile kisahani cha namba, ufunguo nikaufunga pindoni mwa leso. Absalom akaniomba aunganishe mashine yake kwenye waya ule, gharama juu yake. Nikakubali, nikijua nina kufuli. Lo! Ile mashine haikugusa kisahani wala kufuli. Ilipiga kwa ndani kwa ndani, kama jini. Nikainua mkono wa simu nisikilize, nikasikia mlio wa mbuzi anayechinjwa kwa kisu butu.

"Mama, weka chini! Umenikata!" Absalom akapiga kelele chumbani.

"Nimekukata na nini? Kisu kiko jikoni."

"Umenikata kwenye intaneti! Nilikuwa katikati ya picha!"

Nikaenda kuiona hiyo picha. Inashuka kutoka juu, kidogo kidogo. Paji la uso la mtu lilikuwapo, macho bado. Nikaenda zangu nikakuna nazi, nikachuja tui, nikainjika chungu. Niliporudi mtu amepata pua. Hii ndiyo kasi inayosifiwa redioni? Mimi nikimtuma mtu kule Jego kwa baiskeli atarudi na uso mzima, na samaki juu yake.

Mtaa ukaanza kulalamika. Kenga alipata mjukuu kule Kikoneni, akapata habari mtoto amekwisha kupewa jina, tena la upande wa pili. Kila aliyepiga simu alikuta imeshikwa. Nikimwambia Absalom, ananijibu, "Mama, vumilia. Ninafungua mlango wa dunia." Nikamwambia mlango mmoja unanitosha, na hata huo bawaba zake zimelegea.

Siku ya Idd nilikuwa nimejifunga leso mpya, nimekaa barazani, bata bukini wangu yuko miguuni. Absalom akaja na kamera ya kuazima.

"Mama, tabasamu kidogo."

Mimi si mtu wa kutabasamu bila sababu. Akanipiga picha hivyo hivyo, nimekunja uso. Nilidhani ni ya ukumbusho. Mtu mjinga ni mimi.

Haikupita miezi mingi. Alasiri moja teksi ikasimama nje, wakashuka Wazungu wawili, mume na mke, na mabegi ya kujaza chumba. Mume ameshika karatasi. Anaitazama karatasi, ananitazama mimi, anaitazama karatasi, kama askari anayekagua kipande. Halafu akapiga ukelele wa furaha, akaja mbio ameinyoosha mikono. Bata bukini akamkimbilia. Nikamwita bata, si kwa kumpenda yule bwana, ni kwa kuwa sikujua bado ni wa nani.

Absalom akatoka ndani, shati amelifunga vishikizo vya kombo.

"Shikamoo, Mama."

Asubuhi alikwisha kuniamkia. Mtu akikupa shikamoo ya pili kwa siku moja, jua kuna kosa nyuma yake.

"Marahaba. Hawa ni nani?"

"Huyu ni Trevor, na huyu mkewe. Wametoka Uingereza. Wameona… wameona nyumba yetu kwenye intaneti."

"Nyumba yetu mimi na nani?"

Nikamnyang'anya Trevor karatasi. Picha yangu hiyo, nimenuna, na maneno ya Kiingereza yamenizunguka pande zote.

"Soma," nikamwambia Absalom. "Kwa Kiswahili, na usiruke."

"'Jumba la pwani, Diani.'"

"Pwani iko wapi hapa?"

"Iko mbele, Mama. Ukienda."

"Kwa miguu ya nani? Endelea."

"'Upepo wa bahari usiku kucha.'"

"Hiyo ni feni yako, na inalia kama mgonjwa."

"'Maji moto ya kuoga wakati wowote.'"

"Anayechemsha ni nani? Haya, endelea."

"'Bustani ya miti ya nchi za joto.'"

"Muhogo wangu."

"'Ulinzi mchana na usiku.'" Bata bukini akapiga kelele pale pale. "Huyo kweli," nikasema. "Huyo hukumzulia."

Absalom akafuta jasho. "'Na bibi wa asili, mcheshi, atakayewapikia vyakula vya kienyeji.'"

Nikaitazama tena ile picha. "Mcheshi ni nani? Bata?"

"Mama, Wazungu wanapenda mambo ya asili. Wewe ndiye hasa uliyewavuta."

Basi nikajua cheo changu. Kwanza feni, halafu sufuria ya maji, halafu muhogo, halafu bata, halafu mimi. Nimezaa, nimezika mume, nimejenga nyumba hii tofali kwa tofali, na duniani nimetangazwa nyuma ya bata.

Absalom akachuchumaa mbele yangu. "Mama, nakuomba. Hawa ndio wa kwanza. Wakiondoka wamefurahi, wataandika huko huko, na wengine watakuja, na mimi nitabaki. Wakiondoka wamekasirika, kesho niko kwenye basi."

Nikamtazama yule mwanamke. Amekaa juu ya begi, miguu imemvimba, uso mwekundu kama kaa wa kuchemshwa, macho yako kisimani. Mtu ametoka kwao na ndege, amefika uani kwako ana kiu. Hapo hapana hotuba tena.

"Wakaribishe," nikasema. "Lakini wakiingia kwangu, wanaingia kama wageni."

"Ndiyo, Mama, wageni. Wateja wageni."

"Sikutaja wateja mimi."

Hakunisikia. Watu wa kompyuta husikia wanachokitaka.

Wakalala kwa Absalom, yeye akalala ukumbini. Siku ya kwanza niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Siku ya pili mkate wa sinia asubuhi, mchana sima na mchicha wa nazi. Mume alikula kwa mikono akajipaka mpaka viwiko. Kila akila hupiga picha sahani. Nikamuuliza Absalom kama kwao hakuna sahani. Maji ya moto nilichemsha, kwa kuwa mgeni hafanywi mwongo. Absalom alizunguka nyumba nzima anatabasamu kwa niaba yangu.

Siku ya tatu, walipokwisha kunywa chai, nikatoka ghalani na jembe nikampa Trevor mkononi.

Absalom alinirukia kama amemwona nyoka. "Mama! Unafanya nini?"

"Nampa jembe. Hujui wewe? Mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwenu hamlimi?"

"Huo ni msemo tu, Mama! Msemo!"

"Kwenu msemo. Mimi marehemu babangu alipokuja mgeni wake kutoka Vanga alimpa jembe kweli, na yule mgeni akalima, na ndiye aliyekuja kunioa. Unadhani mume wangu nilimwokota?"

"Lakini hawa ni wateja! Wamekuja kupumzika!"

"Mteja yuko dukani. Huyu amekula sima yangu."

Wakati tunabishana Trevor amekwisha kuvua viatu, jembe begani, anamwomba mkewe ampige picha. Nikampeleka shambani nyuma ya nyumba. Wallahi sijaona kilimo kama kile. Mstari ulianza kwenye mnazi ukaishia chooni, ukipinda kila mahali kama umepotea njia. Kenga akachungulia juu ya ua.

"Mejumaa, umenunua trekta la Kizungu?"

"Sikununua. Limekuja lenyewe."

"Linakunywa nini?"

"Chai. Na linachagua: halitaki ya maziwa."

Kenga alicheka mpaka akakalia spana zake. Lakini jioni kitalu kimelimwa; vibaya, ila kimelimwa. Na mkewe nilimkalisha kwenye mbuzi akune nazi. Vidole alivikuna zaidi ya nazi, hakulia, akamaliza kifuu chake. Wanawake wa mtaani walikuja kumwangalia kama ngoma. Mpaka wiki inaisha alikuwa anawaamkia wakubwa zake bila kukumbushwa.

Siku ya kuondoka Trevor akatoa pochi. Absalom alikuwa amesimama kando, shati limepigwa pasi, uso wa mtu anayesubiri mtoto wake wa kwanza. Nikaurudisha ule mkono.

"Mwambie aitie mfukoni. Mwambie, kwetu mtu akilala, akala, akalima, amekuwa wa nyumbani. Wa nyumbani halipi."

Macho ya Absalom yalibaki kwenye pochi.

"Tafsiri!"

"Mama, hilo siwezi kulitafsiri."

"Kiingereza kimekuishia?"

"Kiingereza hakijaniishia. Ni roho ndiyo inaniishia."

Lakini mkono wangu Trevor aliuelewa. Machozi yakamlenga. Nikaenda bandani nikakamata mtetea, nikamfunga miguu, nikampa mkewe, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Yule mama alimkumbatia kuku, akanikumbatia mimi, kuku katikati, wakawa wanalia wawili: yeye na kuku. Alifika wapi yule mtetea sijui. Uwanja wa ndege wa Mombasa nao una watu wanaokula.

Absalom alininunia. Shikamoo, halafu kimya. Alishaanza kukunja nguo zake. Kisha asubuhi moja nikasikia mbuzi wa kwenye simu akilia, na baadaye Absalom akatoka mbio ameshika karatasi.

"Mama! Wametuandika! Wametusifu! Trevor ameandika mahali ambapo wasafiri wote wa dunia wanasoma! Anasema hajapata kuona nyumba kama hii!" Akamnyanyua bata bukini akacheza naye. Bata akamng'ata sikio, asisikie maumivu.

"Amesema nini hasa?" nikamuuliza.

Akaanza kunisomea, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyoshuka. Ati kule Ukunda kuna bibi ambaye hapokei malipo. Ati ukifika unalishwa, siku ya tatu unapewa jembe lako, na siku ya kuondoka unapewa kuku. Ati nyinyi nyote mnaotafuta Afrika ya kweli, nendeni. Na namna ya kufika.

Wakaja. Lo, walikuja! Wawili wakaja wanne, wanne wakamleta rafiki yao. Kila mmoja na karatasi yake. Mmoja alitaka jembe siku ya kwanza kwa kuwa likizo yake ilikuwa fupi. Mwingine, mwanamke mnene wa Uholanzi, aliandika malalamiko kwamba mpini wa jembe lake umelegea. Kijana mmoja akalalamika kwamba kuku aliyepewa si yule aliyemwona kwenye picha. Absalom akabandika ukumbini tangazo la malipo. Wakamwonyesha karatasi: hapa pameandikwa bure, na sisi tumekuja kwa kuamini kilichoandikwa. Mtu aliyeandika "upepo wa bahari" juu ya feni atasema nini hapo?

Akanijia. "Shikamoo, Mama. Kubali tu upokee kidogo. Hata ya sukari."

"Marahaba. Nyumba yangu imesifiwa mpaka Ulaya kwa ukarimu. Sasa wewe unataka isifiwe kwa duka?"

"Mama, sifa hiyo inaniua. Ningetukanwa ningepata afueni."

"Ungeniuliza kabla ya kunitundika, tungekuwa mbali."

Akarudi kwenye mashine yake.

Basi akaamua aufute ule ukurasa wenye picha yangu, aanze upya mahali pengine, na nyumba nyingine, na bibi mwingine kama atampata. Ukurasa ukamuuliza neno la siri. Amelisahau. Akajaribu jina la mama yake, jina la timu yake, jina la bata. Ukakataa. Akawaandikia wenye kutunza kurasa hizo huko ng'ambo, awaombe wamtolee. Jibu likaja pale pale, akafurahi: asante, tumepokea ujumbe wako, tunakuthamini sana. Akangoja. Akaandika tena. Asante, tumepokea ujumbe wako, tunakuthamini sana.

"Huyo anayekuthamini ni nani?" nikamuuliza.

"Si mtu, Mama. Ni mashine inajibu yenyewe."

"Hata shikamoo haisemi?"

"Haisemi."

"Basi wewe unapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na mlango ndio unaokujibu. Kwetu mtu akiona hivyo hukimbia."

Hakukimbia. Alikaa mbele ya ile mashine mpaka akakonda, anaandika, anathaminiwa. Mwisho baba yake alipiga simu, bahati akaikuta haijashikwa, nikaipokea mimi. Mzee mwenye adabu, Kiswahili chake cha kukwaruza. Akaniuliza, "Mama, kijana wangu anafanya kazi gani huko?" Nikamwambia, "Anakaribisha wageni." Sikusema uongo. Akasema majani chai yanazeeka mtini. Nikampa Absalom simu, na mimi nikatoka nje.

Alipoondoka alitaka kunilipa kodi ya mwezi wa mwisho. Nikaurudisha mkono wake nao. Nikamfungia kuku wawili, jike na jogoo, nikamwambia mikono yake haiko mitupu sasa, na asithubutu kuwauza njiani. Alisema shikamoo, ingawa ilikuwa ni saa ya kuagana. Sikumrekebisha. Mkokoteni wa Kenga ulikuwa unangoja, na mtu akichelewa basi la Mombasa halimngoji.

Wapo hapa mtaani wanaosema ni mimi niliyemfukuza kwa ukarimu. Waseme. Mimi sikumwambia mtu kwamba nina bahari uani. Sikumwambia mtu kwamba mimi ni mcheshi. Nilifanya alivyofanya baba yangu, na kama intaneti haiwezi kulibeba hilo, basi intaneti ndiyo nyembamba.

Lakini Absalom amekwenda, na ule ukurasa haukwenda. Bado wanakuja. Juma lililopita walikuja watu wa nchi ambayo hata Mwalimu Christabel hakuijua, wakalima mahali palipokwisha kulimwa mara tatu, kwa kuwa shamba limeisha. Banda limebaki na jogoo mmoja aliyezeeka na mtetea anayeatamia, na huyo simtoi, hata aje nani.

Kwa hiyo wewe unayesoma, usifunge karatasi ukaenda zako. Kama una hiyo kompyuta, au mwanao anayo, ingia humo ndani unitafute. Utanijua: nimekunja uso, nina bata. Unifute. Na kama huwezi kunifuta, usiniandikie kwamba unanithamini. Kamata kuku wawili, watetea wenye umri wa kutaga, njoo nao Mvindeni, upige hodi.